Kware wa Kuita

Nchelenge, tarehe 14 Septemba 2023

Yaya André,

Nakusalimu, kaka yangu, kwa jina la Yesu, wewe na shemeji Marlène na wote wa nyumbani huko Kilwa, ng'ambo ya ziwa. Sisi huku tunapumua. Aurélie ametimiza miaka kumi na miwili, na Kibemba amekijua mpaka ananisahihisha mimi mama yake sokoni, mbele ya wateja, bila aibu. Kifua changu kimepona. Chisense, dagaa wa huku, msimu huu ni wembamba kama sindano, hata wakikauka hawajazi kikapu. Wenzangu wanasema ziwa limechoka. Mimi nasema nyavu ndizo zimezidi.

Barua hii inaletwa na Plamedie, yule mama wa Kilwa anayevusha samaki na chumvi. Mpe maji ya kunywa, kisha mpe na jibu, maana simu yako nimeipiga mpaka kidole kimeota sugu.

Sasa jambo lenyewe. Nataka kufuga kware nyuma ya nyumba. Usicheke. Mwezi wa kumi na mbili serikali inafunga uvuvi mpaka mwezi wa tatu, na safari iliyopita tulikula majani ya viazi hadi Aurélie akaniuliza kama sisi ni mbuzi. Jirani yangu Jairos, fundi seremala, amekubali kunijengea banda. Ninachotaka kwako ni shauri: kware gani? Kuna wa Kijapani, mtu mmoja anawafuga huko Mwansabombwe. Na kuna wetu wa mvua, wenye kifua cheusi, ambao Hervé wangu alikuwa akiwatega kule kijijini. Ulikuwa unaenda naye porini, unawajua kuliko mimi.

Moyo wangu unawataka wa mvua. Unamkumbuka mwitaji wake, yule dume aliyemtundika kwenye tundu juu ya mti mrefu, akaita wenzake mpaka wakajaa mtegoni? Nyumba yetu yote ilikula kwa koo la ndege mmoja.

Je, umesikia lolote juu ya Hervé? Tangu tukimbie bunduki huu ni mwaka wa pili. Tulikuwa tumeshafika barabara kubwa akasema anarudi mara moja, amemsahau mwitaji wake. Mtu hawezi kumtafuta ndege mmoja miaka miwili. Kama yuko mahali amefungwa, niambie. Kama ameoa mke mwingine, niambie pia, nitatukana siku mbili halafu nitanyamaza.

Ni mimi mdogo wako,
Delphine


Kilwa, tarehe 2 Oktoba 2023

Delphine mdogo wangu,

Plamedie amefika, amekunywa maji, amekula na ugali. Tumefurahi kusikia Aurélie anakusahihisha. Na wewe ulimsahihisha marehemu mama tangu ulipoota meno. Marlène anakusalimu. Mguu wangu ni uleule, unavimba nikikaa sana, na mtumbwini mtu anakaa sana. Simu yangu iliangukia majini nikisaidia kushusha magunia. Sina nyingine. Tuandikiane tu.

Juu ya kware: chukua wa Kijapani. Nakuambia kama kaka yako, na nakuomba usibishe kabla hujamaliza kusoma. Kware wa Kijapani ni ndege asiye na mahali pa kwenda. Anazaliwa kwenye tundu, anataga kwenye tundu, ukimwachia mlango wazi anakutazama kana kwamba umekosea. Wiki ya saba tu ameanza kutaga. Banda lisiwe refu, sakafu iwe na pumba kavu, maji yawe kwenye kisahani chenye mawe, vifaranga wasizame.

Kware wa mvua ni habari nyingine. Anakuja na mvua, na mvua zikiisha anataka kuondoka. Hapo ndipo utaona ubaya. Hata umpe mtama wa namna gani, anaruka wima na kugonga kichwa mpaka kinapasuka. Shemeji alikuwa anashona dari ya nguo juu ya tundu kwa sababu hiyo. Ni kazi ya mtu mmoja na ndege mmoja, si ya banda zima. Na wewe una mtoto wa kulisha.

Ukiweza, nenda ukachukue shamba kwenye makazi ya wakimbizi. Nasikia wanagawa tena. Pwani si mahali pa mwanamke peke yake.

Nitakuja mwenyewe mguu ukipata nafuu. Nitakuja na mzee Léopold.

Kaka yako,
André


Nchelenge, tarehe 11 Novemba 2023

Yaya,

Salamu kwenu. Mvua zimeanza, na paa limenionyesha matundu yake yote siku moja. Aurélie ameongoza darasa kwa hesabu. Amekohoa kidogo, amepona.

Nimekutii. Kware wa Kijapani wako nyuma ya nyumba, majike na dume lao. Jairos amejenga banda zuri kuliko nyumba yangu, lina mlango wa komeo na wavu wa madirisha usioingiza hata panya. Alikataa malipo, akasema atakula mayai. Najua unachofikiri. Acha kufikiri.

Lakini Yaya, hawa ndege wako ni wa ajabu! Wanataga, sikatai. Wanataga popote, kama mtu anayeangusha funguo akitembea, halafu hawageuki hata kuangalia. Nilingoja mmoja wao akalie mayai. Nikawatengenezea viota vya nyasi. Hakuna. Mama gani huyu? Mwishowe Jairos akaleta kuku wake mdogo, akamwekea mayai ya kware chini yake, na kuku akayaangua. Vifaranga ni wadogo, wakubwa kidogo tu kuliko nyuki. Sasa kuku anawaita kwa Kikuku nao hawamwelewi.

Dume lao nalo linakoroma tu. Hiyo si sauti ya kuita mtu.

Hapa mtaani tumepata aibu. Kalaba, jirani yangu wa upande wa ziwa, alikuwa sokoni na beseni la samaki kichwani, mwanawe akampigia simu kutoka Mansa: "Mayo, babu amekufa." Hivyo hivyo. Kalaba alianguka palepale, jino limevunjika, samaki wakakanyagwa. Mtaa mzima umemkasirikia yule kijana, na mimi nikawa wa kwanza. Na kwetu ni vilevile: kifo hakipigiwi simu wala hakiandikwi. Watu wanakuja, wanakaa karibu yako, wanakushika mikono, ndipo mkubwa wa familia anafungua kinywa. Na kabla hajafungua, hakuna msiba.

Plamedie anasema alikuona Kilwa ukiongea na simu sikioni. Labda ilikauka. Na juu ya Hervé hukunijibu hata neno. Niliuliza kwa wino, si kwa maji.

Na mzee Léopold wa nini? Ni baba mdogo wa Hervé, hajawahi kunipenda, na ana kikohozi. Kuja peke yako, tule samaki.

Delphine


Kilwa, tarehe 20 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Barua yako ilikaa. Walizuia mitumbwi kwa sababu ya kipindupindu, Plamedie akakwama na chumvi yake ikayeyuka. Hapa kwetu hakuna aliyeumwa. Marlène amekushonea blauzi, itakuja kwa safari nyingine. Krismasi tutakula tulichonacho.

Umefanya vizuri kuhusu kuku. Kware wa Kijapani hajui kuatamia, amefugwa mpaka amesahau. Kuku mdogo ndiye dawa. Vifaranga uwape joto na mchwa waliopondwa. Wakifika wiki ya tatu, tenganisha madume, wanang'oana manyoya.

Juu ya Kalaba umesema kweli. Yule kijana amekosa. Neno kama lile mtu analibeba mwenyewe mpaka afike, hata likiwa zito, hata njia ikimkatalia.

Juu ya shemeji Hervé, tutaongea nitakapokuja. Mzee Léopold ameanza kutapika damu, tunamwuguza. Siwezi kuja bila yeye. Usiniulize kwa nini, mambo mengine ni ya wakubwa.

Delphine, chukua shamba. Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba ushuke kwenye mti wa mapapai ukiwa mdogo. Ulikuwa hushuki mpaka uanguke.

André


Nchelenge, tarehe 9 Januari 2024

Yaya André,

Mwaka mpya umetukuta hai. Poleni na mzee. Blauzi haijafika. Uvuvi umefungwa, soko limekuwa uwanja wa mbwa, na mayai ya kware ndiyo yanayotulisha. Kwa hilo nakushukuru, na hapo ndipo shukrani yangu inapoishia.

Mambo ya wakubwa! Nina miaka thelathini na sita, nimezaa, nimezika, nimevuka ziwa nimelala juu ya magunia na mtoto ubavuni. Ukubwa wenu unaanzia miaka mingapi?

Nikuambie wazi kwa nini nilitaka kware wa mvua, maana unadhani ni upumbavu. Kila mtumbwi ukifika kutoka upande wenu nipo bandarini. Naangalia nyuso. Watu wa hapa wamenizoea, wananiita Mama Bandari, na watoto wanacheka. Lakini siwezi kuwa bandarini muda wote. Hervé akishuka nikiwa sipo, ataniulizia kwa nani? Hajui Kibemba, wala hajui nimepanga kwa nani. Lakini akisikia kware wa mvua anaita kutoka nyuma ya nyumba mwezi huu, mahali ambapo kila mtu anafuga kuku na bata, atasimama. Namjua mwanamume yule. Angeacha hata mazishi ili kujua ni dume la nani linaloita vile. Atafuata sauti mpaka mlangoni kwangu.

Ndiyo maana sichukui shamba. Makazi yale ya wakimbizi yako ndani, mbali na maji. Wamesema mwisho wa kugawa ni mwisho wa mwezi wa tatu, baada ya hapo hawagawi tena. Wacha wasigawe. Na Jairos ameniuliza lile unalofikiri. Ameuliza kwa heshima, kofia mkononi. Nimemwambia mume wangu yuko hai. Akasema, "Mukwai," kama mtu anayeitikia mkubwa, akaenda kurekebisha komeo ambalo halikuharibika.

Nitafutie dume mmoja wa porini. Mmoja tu. Sisemi mwitaji wa mtu, sheria naijua kama wewe: mwitaji hauzwi, haazimwi, mwenyewe akiwa hai hakuna mwingine anayebeba tundu lake, na akifa mke wake ndiye anayemfungulia aruke, siku ya kumaliza kilio. Nataka ndege wa kawaida, aliyetegwa jana. Nitashona dari ya nguo mwenyewe.

Ukinipenda, nitumie. Ukikataa, basi niambie kwa kalamu yako kwamba Hervé harudi.

Delphine


Kilwa, tarehe 3 Machi 2024

Mdogo wangu Delphine,

Nimekawia. Mzee Léopold tumemzika mwezi uliopita, watu wa kanisa walikuambia kupitia mchungaji wa huko, najua, kwa sababu nilihakikisha wanakuja wanne. Sasa sina tena wa kuja naye.

Barua yako nilikaa nayo. Nilianza jibu mara nyingi nikalichoma. Porini siwezi kwenda na mguu huu, na vijana wa hapa hawategi tena, wanaogopa nyasi ndefu kwa sababu ya mambo yaliyozikwa humo na wenye bunduki.

Nakutumia ndege. Ni wa porini, wa kawaida. Nimemnunua kwa mtu. Tundu ni jipya, nimelitengeneza mwenyewe, nimeshona na dari. Anaita vizuri asubuhi. Mpe mtama na mchwa. Usimfunue mpaka ufike nyumbani.

Nimechoka, Delphine. Marlène anakusalimu. Blauzi iko ndani ya mfuko.

André


Nchelenge, tarehe 10 Machi 2024

Yaya André,

Nakusalimu. Salamu kwa Marlène, blauzi imenitosha mabegani.

Ndege amefika juzi. Nilikuwa bandarini kama kawaida. Plamedie alishuka na magunia yake, tundu likiwa juu, limefunikwa kitenge.

Akaniambia, "Mama Aurélie, yaya yako anakutumia hii. Anasema uifungule ku nyumba, hapana hapa."

Nikamwuliza, "Juu ya nini?"

"Miye najua? Miye niko nabeba tu."

Unanijua. Nilifunua palepale.

Tundu lilikuwa jipya, hukusema uongo. Dari imeshonwa vizuri. Nikamwangalia ndege, akajivuta pembeni, na nikaona mguu wake wa kushoto. Kidole cha nje hakipo. Kililiwa na panya mwaka mmoja kabla hatujakimbia, na Hervé alikaa naye mapajani akimtia majivu, akimbembeleza kuliko alivyowahi kunibembeleza mimi. Nilimwonea wivu yule ndege. Nilimjua kabla hata hajageuza kichwa.

Hervé alirudi nyumbani kwa ajili yake. Sasa ndege ameletwa na Plamedie, pamoja na magunia ya chumvi.

Sikuanguka. Nilimshika Plamedie mkono, akadhani nataka kupunguziwa bei ya kitu, akasema, "Wacha, Mama, nimechoka." Halafu akaniangalia usoni. "Unaona nini? Shi ni kandege tu." Nikamwambia ndiyo, ni kandege tu. Nikalibeba tundu mwenyewe mpaka nyumbani. Njiani nilipita sokoni, nikasalimia watu, wakanijibu.

Yaya, nimekuwa nikijiuliza. Ulisahau kidole? Au ulichoka, ukaona ndege aseme mahali pako? Kama ulisahau, nakusamehe, umemlisha kwa siri miaka miwili na mtu akiona kitu kila siku hakioni tena. Kama ulichoka, hapo sijui. Umenifanyia kile ambacho kijana wa Mansa alimfanyia Kalaba. Tofauti ni kwamba yeye alitumia maneno.

Nikakumbuka simu yako iliyoanguka majini. Uliogopa nitaisikia sauti yako. Nikakumbuka mzee Léopold aliyekuwa lazima aje, yeye mkubwa wa upande wao na wewe wa upande wangu. Mlikuwa mnakuja kunikalisha chini. Miezi yote hiyo mlikuwa mnakuja, mguu unakataa, ziwa linakataa, mzee anatapika damu. Nami huku nakutukana. Hilo linaniuma, nakuambia wazi.

Sasa sikiliza nilipofika.

Nilipofika nyumbani nilitoa godoro nje, nikawasha moto wa kilio uani, mbele ya banda la kware. Sikupanga, mikono ilifanya yenyewe. Watu wakaona moshi na godoro, wakaanza kuja, kama desturi. Kalaba alikuwa wa kwanza, na lile jino lake. Akakaa karibu yangu, akanishika mkono, akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mama, nani amekufa?"

Nikajibu, "Sijaambiwa."

"Sasa tunalia nani?"

"Kaeni tu. Ngojeni kaka yangu."

Wanangoja, Yaya. Wanawake wamekaa, hawajaimba, kwa sababu hakuna jina la kuimbia. Wanaume wako upande wa Jairos, wanachochea moto. Mchungaji alikuja akataka kuomba, akaniuliza aombee roho ya nani, nikamwambia aombee safari. Wengine wameanza kunong'ona kwamba nimerukwa na akili. Labda. Lakini mimi si mjane mpaka mtu mwenye haki ya kusema aseme. Na si mke tena, hilo nililiona bandarini. Nimekaa katikati, na katikati hapana hata mkeka.

Shamba linagawiwa mpaka mwisho wa mwezi huu. Nilikuambia siondoki pwani kwa sababu kuna mtu wa kumngoja. Ukisema, nitakwenda. Usiposema, mguu wangu hautatoka hapa, nitaendelea kuangalia nyuso mitumbwini huku najua, na hiyo ndiyo adhabu ambayo sijui nimeikosea nini.

Hawa wa Kijapani wametaga leo kama jana. Wao hawana habari.

Asubuhi ya leo mwitaji ameita. Mara ya kwanza tangu afike. Sauti ni ileile, yenye mkwaruzo mwishoni. Aurélie alikuwa anapiga mswaki, alitupa kikombe, akakimbia uani na mguu mtupu, akipita katikati ya wale wanawake waliokaa, akalia, "Papa! Papa amefika!" Akafika kwenye tundu akasimama. Akamwangalia ndege. Akaniangalia mimi, na godoro, na moto, na watu. Ana akili, Yaya, unajua anavyopiga hesabu. Akaniuliza, "Mama, ni nani alimuleta?"

Nimesoma barua zako zote tena nikitafuta neno la kumpa, na hakuna.

Kwa hiyo usiandike tena. Kalamu iweke chini. Plamedie anarudi kesho na barua hii, mwambie akukalishe juu ya magunia laini na ulaze mguu. Ukikataa kukunjika, uje umenyooka. Ukishindwa kutembea kutoka bandarini, Jairos amesema atakuja na mkokoteni, na hakuna atakayecheka. Kuja ukae mbele yangu na mbele ya mtoto, utushike mikono, utuambie ulimkuta wapi, na nani alimfumba macho, na kama tundu lilikuwa mkononi mwake au pembeni. Yote. Tutalia vizuri na kumaliza.

Mvua zinaelekea mwisho. Ndege ameanza kuruka wima, anagonga dari yako ya nguo siku nzima. Siruhusiwi kumfungulia kabla hujasema.

Delphine